Digrii Mia Tatu

Chupa ya haidrojeni ilikutwa imefungwa, na kwa sababu hiyo mkemia wa zamu alikuwa mahabusu kwa siku ya nne sasa.

Inspekta alichuchumaa mbele ya chupa hiyo. Ilikuwa ndefu, ya chuma, imefungwa ukutani kwa mnyororo, na shingoni ilikuwa na geji ya kuonyesha presha. Upande wa pili wa mlango uliong'olewa na mlipuko palikuwa na chumba alimofia fundi wa mitambo. Watu wa usalama wa mionzi walikuwa wameshapita na vipimo vyao, wakasema chanzo cha mionzi kimo salama ndani ya kasha lake la zege, na polisi ruksa kuingia. Sajini, aliyebakiza miezi saba astaafu, hakuliamini neno lao. Alisimama kizingitini na daftari lake.

"Afande, mimi nina wajukuu," alisema.

"Si umeshawapata? Basi ingia."

Mkurugenzi wa maabara alikuwa kando, mikono mfukoni. "Nimelieleza jambo hili mara tatu."

"Nieleze mara ya nne. Mimi mgumu wa kuelewa."

"Maji yanazunguka kwenye yale mabomba. Yamebanwa kwa presha yasichemke, na yana moto kuliko sufuria yoyote utakayoiona maishani. Yanapita mbele ya mionzi, nasi tunatazama yanakula chuma kiasi gani. Wenye mitambo ya umeme wanatulipa kwa kazi hiyo. Sasa, mionzi inayavunja maji, yanatoa gesi. Ukiongeza haidrojeni kidogo, yanatulia. Kazi ya mkemia wa zamu ndiyo hiyo: haidrojeni. Siku ile nilifika nikakuta chupa imefungwa. Asubuhi alisahau kuifungua. Gesi ikajaa kwenye bomba, ikalipuka, ikamuua mtu. Kigumu kiko wapi?"

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro."

"Na mlipuko?"

"Saa nane na robo mchana."

"Katikati hapo aliingia nani?"

"Zimamoto. Nani mwingine?"

Inspekta aligeuka akamwita mtu aliyekuwa akisubiri kwenye korido. Akaja askari wa zimamoto, jitu la mtu, kofia yake ya kazi kwapani.

"Hii chupa uliigusa?"

"Niliifunga, afande."

Mkurugenzi aligeuza shingo.

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika 'eneo limefanywa salama.' Maana yake ndiyo hiyo. Ukikuta chupa ya gesi, funga kwanza, halafu utafute watu. Tunafundishwa siku ya kwanza kabisa."

"Ilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Niliizungusha mara mbili ndipo ikakaza. Saa nane na nusu. Niliwaambia wenzangu redioni, na redio yetu inarekodi."

"Mtu akiwa kwenye moshi," mkurugenzi alisema, "anaweza kukumbuka hiki kwa kile."

"Chupa haikuvuta moshi," alisema Inspekta. "Tuiulize yenyewe."

Askari wa zimamoto alifungua koki robo mzunguko. Sindano ya geji ikapanda, ikatikisika, ikasimama kwenye sitini na sita. Inspekta alifunua kitabu cha zamu, kilicholowa pembeni kwa maji ya kuzimia moto. Saa moja kamili asubuhi, kwa mwandiko wa mkemia: tisini na sita. Ukurasa wa siku iliyotangulia ulionyesha kwamba chupa ilikuwa ikipungua nne kila saa, bila kupanda wala kushuka.

"Sajini, hesabu."

Sajini alinong'ona na vidole vyake. "Zimetoka thelathini. Gawa kwa nne. Saba na nusu."

"Toka saa moja asubuhi, saa saba na nusu zinatufikisha wapi?"

"Saa nane na nusu, afande."

Mkurugenzi alitoa mikono mfukoni, akakosa pa kuiweka.

Inspekta aliingia chumbani. Juu, karibu na dari, palikuwa na lile bomba. Wafanyakazi waliliita bomba kipofu kwa kuwa lilipanda likaishia hapo, halina pa kwenda. Zamani lilibeba kipimo fulani, kipimo kikaondolewa, likabaki. Chuma chake chenye unene wa kidole kilikuwa kimechanika kwa urefu na kufunguka kama ganda la ndizi, kingo zote zimetazama nje. Mtaalamu wa mabomu alikuwa ameshakwangua na kupima: hakuna baruti, hakuna waya, hakuna mkono wa mtu. Ngazi aliyokuwa ameipanda marehemu ilikuwa bado imelala sakafuni. Alipanda kukaza nati iliyokuwa ikivuja. Kazi ya dakika tano. Wenzake walimwita Mluzi, maana hakuwahi kushika spana bila kupiga mluzi, na mmoja wao aliyekuwa chumba cha pili alisema hivyo ndivyo alivyojua kwamba jambo limeharibika: mluzi ulikatika katikati.

"Bomba hili lina miaka mingapi hapa?"

"Kumi na tisa," alisema mkurugenzi.

"Na haidrojeni iliwekwa kama siku zote."

"Inaonekana hivyo."

"Basi kwa nini lilipuke sasa?"

Mkurugenzi alitazama, mara moja tu, geji ya joto iliyokuwa juu ya meza ya udhibiti. Inspekta alilifuata jicho lake. Mkono wa kuweka joto ulikuwa umekazwa kwenye mia tatu, na pembeni yake palikuwa na alama ya zamani ya rangi nyekundu, imefifia kwa kushikwashikwa: mia mbili hamsini.

*

Mkemia wa zamu alikuwa na miaka thelathini na nne, na ndevu za siku nne. Marehemu alikuwa mume wa dada yake mkubwa. Yeye ndiye aliyempatia shemeji yake ile kazi.

"Umekula?"

"Sina njaa, afande."

"Chupa ilikuwa wazi. Zimamoto ndiye aliyeifunga. Nimekuja kukuambia hivyo kabla ya mambo mengine."

Inspekta alikuwa ameshawaambia watu wengi maneno ya namna hiyo, akajua yanavyopokelewa: wengine hulia, wengine hutukana, mmoja aliwahi kumkumbatia Sajini. Huyu aliitikia kwa kichwa tu.

"Hufurahi?"

"Nilijua niliifungua."

"Basi nisaidie. Nifundishe kazi yako kama unamfundisha mtoto."

Alifikiri kidogo. "Maji yakipigwa na mionzi yanavunjika."

"Kama sahani?"

"Kama sahani. Ila vipande vyake viko hai. Vinatafutana. Vingine vinarudiana, yanakuwa maji tena kama hapakutokea kitu. Vingine vinakutana vibaya, vinakuwa gesi: haidrojeni upande huu, oksijeni upande huu. Zikikaa pamoja mahali pamoja, zinasubiri cheche tu. Kwa hiyo ni mbio, afande. Vinavyorudiana na vinavyokimbia. Ukiongeza haidrojeni unawasaidia wanaorudiana. Mimi kazi yangu ni kujua nani ana kasi."

"Unajuaje?"

"Kuna kitabu. Majedwali ya kasi za mimenyuko, yaani hizo mbio, ndani ya maji moto. Natazama joto, napata namba, nakokotoa kiasi cha haidrojeni, naweka."

Kitabu kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Inspekta alikitoa, akafungua penye utepe. Jedwali lilianza digrii ishirini, likashuka mstari kwa mstari hadi mia tatu. Namba zote kwa chapa moja, nyeusi, safi.

"Joto liliongezwa lini?"

"Leo ingekuwa siku ya ishirini na tatu. Mteja alitaka mia tatu. Mkurugenzi akaagiza."

"Na kabla ya hapo?"

"Mia mbili hamsini. Miaka yote."

"Kwa hiyo huu mstari wa mwisho hapa chini. Kabla ya hizo siku, kuna mtu aliwahi kuutumia?"

Mkemia aliweka kidole chini ya mstari ule. Kidole kikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma namba moja.

"Hapana," alisema.

"Ni namba mbaya?"

"Mimi sikuipima."

"Aliyeipima nani?"

Alionyesha chini ya jedwali. Palikuwa na jina la mwanamke. "Alitufundisha chuoni. Tulikuwa tukimwita Bi Kasi. Amestaafu zamani, lakini yu hai."

Inspekta alipokuwa mlangoni, mkemia alimwita. "Afande. Dada amekuja?"

"Anakuja kila siku. Anakaa kwenye benchi nje."

"Anasema nini?"

"Anasema hataki kukuona."

*

Bi Kasi alikaa ghorofa ya pili, mwisho wa mji, katika nyumba ya bintiye. Alifungua mlango mwenyewe, akiegemea fremu ya kutembelea yenye miguu minne, akatangulia kuelekea sebuleni hatua kwa hatua huku Inspekta na Sajini wakimfuata nyuma kama wako kwenye maandamano.

"Msinicheke," alisema bila kugeuka. "Jina la Bi Kasi nilipewa kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya miguu."

Alikuwa ameshasikia habari za mlipuko redioni. Inspekta alimpa kitabu. Bibi alikipokea, akakitazama jalada, hakukifungua.

"Bado mnakitumia hiki?"

"Kilikuwa mezani kwa mkemia wa zamu, mama."

"Nilidhani kimeshatupwa. Walikuwa joto gani?"

"Mia tatu."

Bi Kasi alifumba macho. Kisha alisimama tena, kazi ya dakika nzima, akakataa mkono wa Sajini, akaenda chumbani. Walimsikia akivuta sanduku. Alirudi na daftari lenye jalada gumu la kijani, limening'inia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye fremu, akalifungua juu ya meza.

Lilikuwa na mchoro uliofanywa kwa kalamu ya wino. Nukta nyeusi zilipanda kutoka kushoto, moja baada ya nyingine, na mstari ulipita katikati yake. Kwenye mia mbili hamsini nukta ziliisha. Mstari uliendelea, lakini sasa ulikuwa wa vikato vidogo vidogo.

"Hapa," alisema, "chombo changu kilipasuka. Kilikuwa na dirisha dogo la kioo la kuchungulia. Presha ikalishinda. Niliomba jingine miaka miwili, nikaambiwa hakuna fungu."

"Na hizi za juu?"

"Rula."

"Rula, mama?"

"Niliweka rula juu ya nukta zangu nikavuta hadi mia tatu. Ndiyo maana umekatika-katika. Mstari mzima maana yake nimepima. Uliokatika maana yake nakisia. Kila mwenye kazi hii anaijua lugha hiyo."

Inspekta alifungua kitabu pembeni ya daftari. "Hapa hakuna mstari. Kuna namba tu, na zote zinafanana."

"Kwenye mswada wangu kila namba ya kukisia ilikuwa na nyota. Nyota, na chini maneno: haijapimwa. Mchapaji aliona nyota zinachafua ukurasa, au mhariri, au kamati. Tulikuwa watu wengi, na wengi wao wameshakufa."

"Uligundua lini?"

"Siku kitabu kilipofika. Nilikifungua nikaona nyota hazipo." Aliuvuta ushungi wake mbele. "Nikasema, toleo la pili nitasahihisha."

"Toleo la pili lilitoka lini?"

"Halikutoka, mwanangu."

Sajini aliacha kuandika.

"Na ukweli wenyewe ni upi?" Inspekta aliuliza. "Kwenye mia tatu pana nini?"

"Miaka sita iliyopita kuna vijana walipima, nchi ya mbali huko. Nilisoma ripoti yao. Mstari haunyooki. Ukipita hapa nilipoishia unapinda, unapanda. Ile haidrojeni unayoiweka inafunga vipande, sawa. Lakini maji yakiwa moto sana yanaanza kufungua upya kile ulichokifunga. Kwenye mia mbili hamsini yanafungua polepole, huwezi kuona. Kwenye mia tatu, mara tano ya rula yangu. Mtu akifuata jedwali anaweka haidrojeni isiyofika hata nusu ya inayotakiwa. Na hatajua. Maji ni yaleyale, geji zinasoma vilevile. Gesi inapanda yenyewe kutafuta pa juu."

"Bomba kipofu," alisema Sajini.

"Uliposoma ripoti yao, uliwaandikia maabara?" Inspekta aliuliza.

Bi Kasi alifunua ukurasa wa mwisho wa daftari. Palikuwa na barua iliyoanzwa, kwa mkono uleule lakini uliokwisha kuzeeka. *Kwa Mkurugenzi. Ninaandika kuhusu jedwali la nne, mstari wa mwisho.* Basi. Chini yake palikuwa na namba ya wodi na saa za kutazama wagonjwa.

"Ndiyo wiki mume wangu alipolazwa," alisema. "Alikaa miezi mitatu. Baada ya hapo sikuikumbuka. Au niliikumbuka nikasema, hakuna anayefika mia tatu, wao wako mia mbili hamsini. Sijui nilisema lipi. Nimejaribu kukumbuka toka habari iliposomwa."

Alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, vifundo vimevimba kwa baridi yabisi.

"Nikamate mimi, mwanangu."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Polisi ni wewe."

Inspekta aliipitia sheria kichwani, kifungu baada ya kifungu, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Kuweka rula juu ya karatasi si kosa. Kusahau barua si kosa. Mhariri aliyefuta nyota, kama yu hai na kama angepatikana, angesema alipendezesha ukurasa.

"Rudisha mikono yako, mama. Daftari nitaliomba kama kielelezo. Utakubali kutoa ushahidi?"

"Nitakuja hata kwa kubebwa."

"Vitabu vilichapwa vingapi?"

"Mia nne."

"Viko wapi?"

"Kitabu kikishatoka," alisema Bi Kasi, "hakirudi nyumbani kukusalimu. Sijui. Popote palipo na maji moto na mionzi."

*

Walirudi kituoni saa tisa na nusu alasiri. Yule dada wa mkemia, mjane wa Mluzi, alikuwa kwenye benchi lake lilelile, mfuko wa kitambaa magotini. Inspekta alimpungia mkono kwamba atakuja, akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwa mkuu wa upelelezi.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alilitazama daftari la kijani, akaufuata ule mstari kwa kalamu bila kuugusa. Hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililomuuma Inspekta baadaye, kwamba hakuwa mjinga.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Umechelewa. Mkemia amekiri."

"Nani alimhoji?"

"Hakuna. Saa sita aliomba kalamu na karatasi. Nilimsomea haki zake mimi mwenyewe."

Karatasi ilikuwa na mistari minne. *Kiasi cha haidrojeni nilikiweka mimi. Hakikutosha. Shemeji yangu amekufa kwa ajili hiyo. Sina utetezi.* Sahihi, na dole gumba kwa wino.

"Mkuu, haya si maungamo. Haya ni majonzi."

"Yana sahihi. Jalada limeshaenda kwa mwendesha mashtaka, kesho saa tatu yuko kwa hakimu. Gari la magereza linamfuata saa kumi."

"Ninayo daftari. Ninaye shahidi."

"Unaye bibi wa fremu atakayesema alikisia. Na mwendesha mashtaka atasema: vema, kwa hiyo muuaji ni nani? Mkurugenzi alifuata kitabu. Mkemia alifuata kitabu. Kitabu kilifuata nani? Nitamsimamisha nani kizimbani, Inspekta, rula? Kuna mtu amekufa na kuna mtu amesema ni mimi. Mimi siwezi kulirudisha jalada. Wewe huwezi. Hakimu anaweza, akitaka, akielewa. Andika ripoti yako."

"Na vile vitabu vingine? Mia tatu tisini na tisa?"

"Andika navyo."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Inspekta aliteremka, akamtoa mkemia mahabusu, akamweka kwenye chumba cha mahojiano na kumfungulia daftari mbele yake. Mkemia aliuona mchoro, akaona mahali nukta zilipoisha. Aliomba penseli. Alikokotoa pembeni ya gazeti kuukuu, haraka, midomo ikimcheza, na kwa dakika chache akawa tena mtu wa kazi, mtu mwenye jambo la kupata jibu.

"Lilijaa siku ya sita," alisema. "Au ya saba. Baada ya hapo lilikuwa linasubiri tu. Kutikiswa kidogo. Spana."

"Zamu yoyote?"

"Zamu yoyote."

"Kwa hiyo si wewe. Umekokotoa mwenyewe. Kwa nini ukaandika ile karatasi?"

Mkemia aliweka penseli chini. "Siku ya kwanza ya mia tatu, nilizichora zile namba za jedwali. Mazoea tu. Zilinyooka, afande. Kwenye ile sehemu ya mwisho zilinyooka kabisa, kama zimepigwa rula. Vipimo havinyooki hivyo. Kipimo cha kweli kinatetereka kidogo, huku na huku, mkono wa mtu unaonekana. Nikashangaa. Nikasema, nitamuuliza mtu." Alifuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Shemeji akaingia na utani wake, tukaenda kunywa chai. Sikumuuliza mtu."

Inspekta alikuwa amevuka mji mzima kutafuta kosa, na sasa alilikuta hapa, dogo kiasi kwamba hakuna sheria ambayo ingelishika, na kubwa kiasi kwamba mwenyewe hangeliweka chini.

Mlango uligongwa. Sajini alikuwa na yule dada.

"Amesema ataingia," alisema Sajini.

Mwanamke alibaki amesimama. Inspekta alimweleza, kwa maneno machache aliyoweza: chupa ilikuwa wazi, ndugu yako alifuata kitabu, kitabu kilikuwa na namba ya kukisia iliyovaa nguo za namba ya kweli, aliyeikisia alisema wazi kwamba anakisia, na mahali fulani njiani neno lake likafutwa.

"Lilifutwa na nani?"

"Hajulikani."

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna, mama."

"Siku nne nimekaa pale nje nikimchukia huyu," alisema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Mama yetu alituacha tukiwa wawili tu, nikamlea, nikamsomesha, na nimekaa pale nikimchukia. Nilikuwa nimeshaanza kujifunza namna ya kuchukia. Sasa unaniambia nichukie kitabu."

"Dada," alisema mkemia.

"Ulijua?"

"Nilishangaa. Siku moja. Halafu nikaendelea na kazi."

Inspekta alitegemea kofi, au kilio, akasogea nusu hatua. Mwanamke alifungua mfuko wake wa kitambaa akatoa shati jeupe, limepigwa pasi na kukunjwa.

"Vua hilo," alisema. "Linanuka. Huwezi kwenda kwa hakimu unanuka."

"Hili la nani?"

"Nguo zako ziko kwako, na funguo zako wamezishika hawa. Hili la kwake."

Mkemia alilishika bila kulivaa. Dada yake alimnyang'anya, akalikung'uta, akamvalisha kama anavyovalishwa mtoto wa shule, mkono huu, mkono huu. Mluzi alikuwa mrefu. Mikono ilipita vidole. Akaikunja mara mbili, kila upande, akiisawazisha kwa dole gumba, halafu akafunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Kwenye cha shingoni vidole vyake vikakataa. Alijaribu mara tatu. Mkemia hakumsaidia, alisimama wima ameinua kidevu, machozi yakimshuka hadi kwenye kola.

Honi ya gari la magereza ililia uani.

Dereva alikuwa na haraka. Alikuwa na vituo vingine viwili vya kupitia kabla jioni haijaingia. Askari wake alimtia mkemia pingu juu ya ile mikono iliyokunjwa. Dereva akampa Inspekta ubao wenye fomu.

"Afisa anayekabidhi. Jina, cheo, sahihi. Na hapo penye 'hali ya mtuhumiwa' uandike."

Inspekta alishika kalamu. Daftari la kijani lilikuwa kwapani, akalibana lisianguke. Aliandika jina na cheo. Kwenye hali ya mtuhumiwa aliandika *mzima*, maana fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Akatia sahihi.

Mlango wa nyuma ulifungwa. Mwanamke alisimama uani na shati chafu la mdogo wake mkononi mpaka gari lilipopita geti.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu asubuhi."

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Utasema haya uliyoniambia?"

"Nikiulizwa," alisema Inspekta.

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, akaliweka shati ndani ya mfuko, akatoka getini kwa miguu. Inspekta alipanda ofisini, akaweka karatasi nyeupe mezani kuandika barua ya kwanza ya onyo kuhusu vile vitabu vingine. Aliandika tarehe. Akaandika *Kwa*, kisha akakaa, kalamu mkononi, akijaribu kufikiria ni nani.